Ng'ombe wa Nonna Nunziata

Montesarro, Calabria, Italia
6 Septemba 1987

Nonna mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya Shepparton imeanza kukuonea huruma. Mimi sijambo. Nimefika salama, na Assunta, binti wa marehemu kaka yako, amenipokea kwa mabusu mengi na sahani nyingi zaidi. Anakusalimu sana.

Uliniambia kwenye uwanja wa ndege kwamba barua yoyote ya Kiingereza utaiwashia jiko. Basi hii ni ya Kiitaliano, nimeiandika kamusi ikiwa magotini. Makosa yote ni yangu. Sikumwomba Assunta anisahihishe kwa sababu akiona kosa anawaita majirani.

Nonna, lugha hii inanionea. Bafuni kuna mabomba mawili, moja limeandikwa C. Nyumbani C ni cold, maji ya baridi, hata mtoto anajua. Nikalifungua lote na kuweka mikono chini yake. Kumbe hapa C ni caldo, yaani moto! Neno linalosikika kama baridi yetu, kwao ni moto. Nani alikaa akapanga hivi? Sasa mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa, na mwandiko huu mbaya ni kazi ya mkono wa kushoto.

Kingine. Padri alikuja kunikaribisha. Nikamwambia, "Wewe, hujambo wewe? Kaa hapo." Assunta akaangusha kijiko. Kwa Kiingereza tuna neno moja tu la kumwitia mtu, awe askofu, awe paka. Hapa yapo matatu, na wewe Nonna ulinifundisha lile moja la watoto na mbwa. Padri alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilijifungia chooni hadi aondoke.

Na sina hakika kama naelewa ninayoambiwa. Assunta ameniuliza, "Na ng'ombe wenu wanaendeleaje?" Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, akaweka na pembe kwa vidole. Ng'ombe. Nikajibu, "Wazima, asante."

Ng'ambo ya kichochoro, mbele ya dirisha langu, anakaa bibi mmoja mwenye nguo nyeusi. Kila asubuhi ananitazama. Nikimwamkia haitikii, wala haondoki. Nilimuuliza Assunta ni nani. Akasema, "Muulize Nonna yako." Basi nakuuliza.

Unajua Baba hakutaka lugha yenu isemwe nyumbani. Nimemaliza shule nikijua kukuambia nina njaa, asante, na lala salama. Nataka nikirudi tuzungumze mambo ya kweli, mimi na wewe, bila mtu wa kutafsiri katikati. Ndilo lililonileta huku. Usinicheke.

Mjukuu wako,
Mirella


Shepparton, Australia
21 Septemba 1987

Mirella, mwana wa mwanangu,

Barua imefika na nimeisoma mara mbili. Niko mzima isipokuwa goti, na goti si la kuulizwa. Mungu akulinde. Mkono huo upake mafuta ya zeituni, achana na dawa za dukani. Baba yako anakusalimu. Anasema Kiitaliano hakijawahi kumpa mtu kazi. Nimemwambia yeye kilimpa mama.

Kwanza, padri. Mimi nilikuwa nazungumza na mjukuu wangu, sikuwa nazungumza na padri! Ulitaka nikuamshe asubuhi nikisema, "Mheshimiwa, maziwa yenu yako mezani"? Wazee wa huko waambie voi, yaani nyinyi, hata akiwa mmoja tena mfupi. Ndivyo tulivyowaambia baba na mama. Mwalimu atakupa neno jingine la mjini. Hilo mwachie mwenyewe.

Pili, ng'ombe. Sijawahi kuwa na ng'ombe tangu nizaliwe. Assunta kichwa chake ni boga, na baba yake alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu.

Tatu, huyo wa dirishani. Ni dada yangu Saveria, anayenifuata mimi. Umeuliza, nimejibu. Nilimnyooshea mkono, akautemea mate. Miaka thelathini sijasikia sauti yake na sijafa. Usimtaje katika barua zangu. Usiingie kwake. Akikupa kitu cha kula, sema umeshiba.

Bado anasuka nywele zikazunguka kichwa? Usijibu.

Nonna yako,
Nunziata


Montesarro
11 Oktoba 1987

Nonna mpendwa,

U hali gani? Na lile lisiloulizwa, linaendeleaje? Mimi mzima, mkono umepona kwa mafuta kama ulivyosema. Lakini nina hasira, na sijazoea kuwa nayo, sijui niiweke wapi.

Nilikuambia kuhusu masomo ya mjini, kwa ajili yetu sisi wajukuu wa waliohama. Mwalimu Vergara alitutaka tuandike kazi waliyofanya babu na bibi zetu. Nilikaa nayo jioni nzima. Niliandika: "Nonna yangu alifanya kazi katika fattoria. Alizoa kokwa za matunda ya pichi kwa sciabola." Maneno yako, Nonna, kama ulivyoyasema jikoni miaka yote. Nilikuwa na fahari kwamba sikufungua kamusi.

Mwalimu akaisoma mbele ya wote. Kisha akavua miwani. "Mabibi na mabwana," akasema, "tunaye mjukuu wa shujaa! Bibi yake alikaa shambani na mifugo, akipigana na kokwa kwa upanga wa askari wa farasi!"

Kumbe sciabola ni upanga. Beleshi linaitwa pala. Na fattoria si kiwanda. Ni shamba, lenye zizi na kuku na samadi. Kiwanda wanakiita fabbrica. Mwalimu alisema maneno yako ni Kiingereza kilichovaa kofia ya Kiitaliano: factory imekuwa fattoria, shovel imekuwa sciabola. Darasa zima likacheka. Mvulana wa Kanada aliniuliza farasi wa bibi yangu aliitwa nani.

Nilitaka kumwambia kwamba Nonna yangu alisimama kwenye mvuke wa kiwanda cha matunda ya makopo mpaka kucha zikalainika. Nilitaka kumwambia aje anuse mikono yako. Badala yake niliangalia kalamu yangu mpaka kengele ikalia. Nina hasira naye. Na nina hasira nawe kidogo, kwa kunipeleka vitani na upanga ambao si upanga.

Angalau nimewaelewa ng'ombe wa Assunta. Kijiji chote kinajua Nunziata yuko fattoria Australia. Wanadhani una zizi! Nilipomweleza Assunta aliuliza, "Basi maziwa mnapata wapi?"

Uliniambia nisimtaje mtu fulani, kwa hiyo simtaji. Mtu mmoja nisiyemtaja alikuwa nyuma yangu kwa mwokaji mikate. Alitazama mkono wangu, akanimegea kipande cha mkate wake. Nikasema nimeshiba. Akakiweka mfukoni mwangu mwenyewe, akaenda zake. Nywele zinazunguka kichwa.

Mjukuu wako mwenye hasira,
Mirella


Shepparton
29 Oktoba 1987

Mirella,

Mimi mzima, na baada ya barua yako nimekuwa mzima zaidi, maana damu imechemka hadi goti limepata joto. 

Mwambie huyo mwalimu aje hapa wakati wa pichi! Avae buti, asimame mezani tangu king'ora cha kwanza, maji ya magadi yamle vidole, halafu aniambie fattoria ni nini. Kijijini kwetu hapakuwa na kiwanda hata cha misumari. Tungejuaje kinaitwaje? Tulipofika, msimamizi alituonyesha mlango, akasema neno lake la Kiingereza. Sisi tukaliosha uso tukalivika shati safi: fattoria. Wakalabria, Wasisilia, Waveneto, watu ambao nyumbani tusingeweza hata kuombana chumvi, kwa maneno hayo tulielewana. Yeye aliyapata yake shuleni, amekaa. Sisi tuliyapata tumesimama. Na sciabola ni beleshi. Nimezoa nalo, najua.

Eti anacheka! Na wewe ukaangalia kalamu. Mtoto mwenye aibu ni kitu kizuri kanisani tu.

Na kwa kuwa umeanza wewe kutomtaja mtu, nami nitakueleza nisiyemtaja alinifanya nini, ili usipokee tena mkate wake. Nilipokuwa nimeshika kazi vizuri, niliongea na msimamizi wa wanawake. Niliongea, nikabembeleza, nikampelekea biringanya za mafuta. Nikapata nafasi moja mezani, kando yangu. Saveria hakwenda shule. Mimi mkubwa nilipelekwa mpaka darasa la tatu, yeye akapelekwa shambani, kwa hiyo barua isingemfaa. Compare Cola, jamaa yetu wa kijijini aliyehamia huku, alikuwa anarudi kijijini kuoa. Nikampa ujumbe wa mdomo na karatasi za safari. "Mwambie aje. Nimempatia nafasi kando yangu fattoria." Kitanda nilikuwa nimeshakitandika.

Cola akarudi na mke, na karatasi zangu, na maneno haya: "Mkate wangu unanitosha."

Umesikia? Mkate wake unamtosha! Kazi ya makopo bibi mkubwa aliionea haya. Mikono yangu inayonuka sukari iliyoungua ilikuwa haimfai. Basi nami nikasema najitosha mwenyewe.

Usinijibu kuhusu hili.

Nonna yako,
Nunziata


Montesarro
17 Novemba 1987

Nonna mpendwa,

Nakusalimu na kukuombea afya. Mimi mzima, mikono imekuwa ya kijani kwa kuvuna zeituni. Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea.

Nimekuasi. Nimeingia kwake.

Sikupanga. Mvua kubwa ilinikuta kichochoroni na Assunta hakuwepo kufungua. Mlango wa ng'ambo ukafunguka, sauti ikasema, "Ingia. Au Nonna yako amekukataza na kukauka?" Nikaingia. Akaniwekea mkate na zeituni zilizopondwa. Nikasema nimeshiba. "Uongo huo ni wa Nunziata," akasema, "naujua hata sauti yake. Kula."

Nilikuwa nimekaa pale bila neno, nikaona ni utovu wa adabu. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilitaka kumwambia kwamba unamkumbuka. Sikuwa na hakika, lakini uliuliza habari za nywele.

Sasa, Nonna, unajua sentensi hiyo ilivyo. Kwa Kiingereza, mwenye hamu hutajwa kwanza na kazi ni yake. Kwa Kiitaliano inageuzwa nje ndani kama soksi: aliye mbali ndiye anayefanya kazi, yeye ndiye anayepungua, na aliyebaki amekaa tu akipungukiwa. Mwalimu ametueleza mara nyingi. Darasani naipata. Mbele ya mtu, nikiwa na aibu, maneno yanajipanga yenyewe kwa foleni ya Kiingereza. Nilitaka kusema, "Nunziata amepungukiwa nanyi." Nikasema, "Mmepungukiwa na Nunziata."

Akasimama na kisu cha mkate mkononi. "Nani kakwambia?"

Nikarudisha zeituni sahanini.

"Nani kakwambia mimi nimepungukiwa? Assunta? Padri? Nani anasimama dirishani kwangu?"

Nikamwita Zia, yaani shangazi: "Hakuna mtu, Zia, samahani, ni sarufi."

Alinipa mgongo. Akawa anakata mkate uliokuwa umeshakatwa. Kisha akasema, bila kugeuka, "Haya, ndiyo. Basi? Mwandikie, afurahi."

Ndipo yakatoka yote, kwa hasira, mpaka kuku wakakimbia uani. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Tulikuwa na jembe moja mimi na yeye, kwenye ardhi ya baroni, tajiri wa kijiji. Tukipokezana. Jioni moja tulikibusu kipande cha mkate tukaapa: jembe la mtu mwingine, basi, hatulishiki tena maisha yetu yote. Yeye akapata mume na meli. Nikasema vizuri, mmoja wetu ameponyoka. Halafu anakuja Cola na kofia mpya, ananiambia dada yako anakuita, amekupatia nafasi kando yake fattoria. Shambani! Amevuka bahari zote zile kwenda kushika jembe la tajiri mwingine, na aibu hana, ananiita nikashike la pili! Nikamwambia Cola, kamwambie mkate wangu unanitosha. Nilitaka aukumbuke ule mkate. Nilitaka umkwame kooni."

Nonna, umesoma? Rudi usome tena.

Hakuidharau kazi yako. Hakuijua! Hajawahi kusikia kuhusu kiwanda, makopo, wala meza. Ninyi wawili mmekasirikiana miaka yote hii kwa sababu ya zizi ambalo halipo. Nimeshindwa kulala kwa hasira na sijui nimkasirikie nani. Cola ameshakufa. Neno halina uso.

Nilimwambia pale pale. Nilisema haikuwa shamba, Zia, ilikuwa fabbrica, makopo, pichi. "Cola alisema fattoria," akasema. "Kila aliyerudi kutoka huko alisema Nunziata yuko fattoria. Na sasa wewe, msichana wa juzi, unayemwambia padri 'kaa hapo', unanifundisha mimi maana ya fattoria? Unamtetea tu, damu yako."

Nikamwambia nitakuomba uandike mwenyewe. Akafikiri. "Aseme yeye, kwa maneno yake," akasema. "Alitaje hilo neno jingine yeye mwenyewe. Wewe utanisomea. Assunta simtaki, akisoma anaongeza."

Mimi ninarudi nyumbani mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo hana wa kumsomea. Nonna, ni sentensi moja. Andika.

Mjukuu wako,
Mirella


Shepparton
7 Desemba 1987

Mirella,

Barua nimeipata. Niko mzima.

Neno hilo nimelisema maisha yangu yote hapa, na hakuna aliyelielewa vibaya ila yule aliyetaka. Mtu akiitwa na dada yake haulizi kama ni shamba, kiwanda au gereza. Anakuja. Ningeitwa mimi, ningekwenda hata kama ni jembe. Hata kama ni majembe mawili.

Sitajifunza kuzungumza uzeeni ili kumfurahisha mtu aliyenirudishia karatasi zangu. Mwalimu wako amecheka, sasa na huyo wa dirishani anataka nisahihishe daftari. Hapana.

Joto limeanza. Krismasi njema kwako na Assunta.

Nonna yako


Montesarro
12 Januari 1988

Nonna,

Natumaini u mzima. Nasema kweli, ingawa barua hii haitafanana na hivyo.

Tangu ile fupi hujaandika. Hata kadi ya mwaka mpya aliandika Baba, kwa Kiingereza.

Zia Saveria haulizi. Ila kila mtu wa posta anapopita, anatoka kufagia. Kizingiti chake sasa ni safi kuliko altare. Mimi namwambia barua bado, labda meli, labda mgomo, huku yako imekunjwa ndani ya kamusi yangu. Nimejifunza kusema uongo kwa Kiitaliano bila kosa la sarufi hata moja, jinsia, wakati, kila kitu mahali pake. Sikuja huku kujifunza hilo.

Wiki iliyopita walichinja nguruwe. Wanawake walijaza soseji jikoni kwake, na mimi nilikuwa nafunga nyuzi. Alitenga mshipi mmoja wa soseji, akautundika peke yake karibu na dirisha. Assunta akauliza, "Huo wa nani, Zia?" Akasema, "Wa mwenye ng'ombe." Wote wakacheka. Yeye hakucheka, nami sikucheka.

Jambo jingine, ili usiseme naangalia kalamu tu. Mwalimu Vergara alilirudia tena lile la upanga, mbele ya wageni. Nikanyoosha mkono. Nilimwambia kwamba watu wa Shepparton walitengeneza maneno hayo wakiwa wamesimama, kwa sababu hakuna aliyewapa kiti, na kwamba mimi nitayatumia nyumbani kwangu mpaka nizeeke. Akavua miwani. Kisha akaniambia kitenzi changu cha mwisho kilikuwa cha wakati usiofaa. Ni kweli, hakikufaa. Sikujali.

Kwa hiyo nimelitetea neno lako. Nimelitetea mbele ya watu, mimi ambaye siwezi kumwomba mwenye duka sabuni. Sasa naomba unisikilize.

Unasema ungeitwa wewe ungekwenda. Lakini umeitwa, Nonna. Umeitwa mwezi wa kumi na moja. Amekwambia "aseme yeye". Kwa mwanamke huyu, huko ni kuita. Na hukuja. Ulirudisha karatasi.

Nilikuambia nilitaka tuzungumze mambo ya kweli. Hili ndilo la kwanza, na nakuambia kwa "wewe", kwa kuwa ndilo neno ulilonifundisha, na sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kulirudia uso kwa uso: wewe unalipenda neno lako kuliko dada yako.

Sitasema nimeshiba huku nina njaa. Siombi radhi. Naomba uandike.

Mirella


Shepparton
8 Februari 1988

Mirella,

Leo sikuulizi hali wala sikupi yangu. Vuka kichochoro, ingia kwa dada yangu, keti upande wa kulia, maana sikio lake la kushoto liliharibika na surua. Usome kwa sauti, usiongeze, usipunguze. Wewe na mimi tutazungumza ukirudi. Siku hizi unajua kuumiza vizuri, kwa hiyo Kiitaliano chako kimekomaa.

Sasa msomee.

Saveria,

Sijui mtu anamuuliza nini dada yake baada ya muda kama huu. Nakuuliza goti. Langu la kulia limekufa, na la mama lilikuwa la kulia, basi lako nalo haliwezi kuwa zima.

Mtoto ananiambia ulidhani nimekuitia jembe. Mimi! Nimekasirika tangu kabla ya Krismasi, na hata sasa ninapoandika kalamu inatoboa karatasi. Ulilala kitanda kimoja nami, miguu yako ya barafu mgongoni kwangu, halafu ukadhani naweza kuubusu mkate kisha nikautema? Ungenitumia matusi kupitia Cola. Ungesema, "Nunziata, umerogwa, unarudije kwenye jembe?" Ningekujibu siku hiyo hiyo. Lakini wewe ukanitumia methali.

Nami nililala kitanda hicho hicho, nikadhani unaweza kuionea haya kazi ya mikono yangu. Basi mizani imelala sawa. Baba alituzaa wapumbavu wawili na kaka yetu akiwa wa tatu.

Haikuwa fattoria. Ilikuwa fabbrica. Nimeliandika, mtoto akuonyeshe hilo neno lilipo, lenye b mbili. Ilikuwa fabbrica ya makopo, yenye paa na king'ora. Hapa Shepparton nitaendelea kusema fattoria mpaka wanizike, na mwalimu huyo akitaka anishtaki. Kwako nasema fabbrica.

Nafasi yako ilikuwa kushoto kwangu, karibu na dirisha. Nilimbembeleza sana msimamizi iwe dirishani, kwa sababu ukifungiwa ndani unaona giza. Siku ya kwanza ya msimu ilikaa tupu, kila mtu akipita akiuliza ni ya nani. Halafu wakamweka Mgiriki mmoja aliyeimba puani. Alikuwa mwanamke mwema. Sikumsamehe kamwe kwa kukaa pale.

Mtoto alikosea sentensi, akasema kweli yako. Ya kwangu naiandika isiyo na kosa, kwa mpango wa kwetu: wewe, Saveria, umepungua kwangu.

Soseji hiyo asije akaila Assunta. Mtoto aifungashe ndani ya nguo zake, forodhani aseme ni dawa.

Kwenye bahasha kuna karatasi ya kopo. Ni ya pichi, nimeibandua kwa mvuke ili isichanike. Juu ya matunda wamekichora kiwanda chenyewe. Bomba la moshi unaliona. Madirisha unayaona, la tatu ndilo lako. Ishike karibu na taa. Igeuze mbele na nyuma, usiharakishe, mtoto atakusubiri. Ukimaliza kutazama unijibu kwa kinywa chake kabla hajapanda ndege, nami nitakuwa nimesimama uwanjani nikilingoja jibu: ng'ombe wako wapi, Saveria? Na jembe, jembe liko wapi?

Dada yako mkubwa,
Nunziata